Kingavirusi ya bure kwenye kompyuta ya nyumbani: namna ya kuijaribu kabla ya kuitegemea

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kompyuta moja ya nyumbani mara nyingi hubeba mambo ya watu wengi. Ndani yake mna vyeti vilivyoskaniwa vya kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu, maandalio ya masomo ya mwalimu, hesabu za duka, picha za familia, pamoja na nywila za mifumo ya Serikali ambayo mwananchi huingia kwa jina lake mwenyewe. Kompyuta hiyo ikivamiwa na programu hasidi siku chache kabla ya dirisha la maombi kufungwa, hasara yake haipimwi kwa bei ya kompyuta, bali kwa nafasi iliyopotea.

Programu za kingavirusi zinazotolewa bila malipo ni njia iliyo wazi kwa kila kaya ya kupunguza hatari hiyo. Hata hivyo, programu inayosifiwa na wengi huenda isiifae kila nyumba. Kaya inayotumia intaneti ya bando la simu, inayokumbana na kukatika kwa umeme na inayobeba flashi kila wiki kwenda steshenari ina mahitaji tofauti na ofisi yenye intaneti ya saa 24. Makala haya yanaeleza virusi hufikaje nyumbani, kingavirusi hufanya kazi namna gani, neno "bure" lina maana zipi, na namna mwananchi anavyoweza kuijaribu programu ya aina hiyo kwa utaratibu kabla ya kuikabidhi ulinzi wa kumbukumbu zake.

Virusi hufikaje nyumbani

Mkazi wa Nyamongo au Sirari wilayani Tarime, sawa na mkazi wa Mugumu au Nata wilayani Serengeti, anapohitaji kuchapisha barua ya maombi ya kazi, aghalabu huiweka kwenye flashi na kuipeleka steshenari. Kompyuta ya steshenari hupokea flashi za wateja wengi kwa siku moja. Flashi moja yenye kirusi ikichomekwa humo, zinazofuata zaweza kuondoka nacho, na jioni kila moja hurudi nyumbani kwa mwenyewe.

Njia hiyo si ngeni katika historia ya kompyuta. Kirusi kilichojulikana kwa jina la Brain, kilichotengenezwa Lahore nchini Pakistani mwaka 1986, kilisambaa duniani kwa diski za sumaku zilizopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 2008 kilitokea kirusi kiitwacho Conficker, ambacho pamoja na kupita kwenye mitandao kilisafiri pia ndani ya flashi, kikitumia tabia ya Windows ya wakati huo ya kufungua chenyewe kilichomo kwenye flashi mara inapochomekwa. Mwaka 2011 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuizima tabia hiyo kwenye matoleo ya zamani ya Windows.

Mlango huo ulipofungwa, waundaji wa virusi waligeukia hila nyingine. Badala ya kusubiri kompyuta ifungue programu yao, humfanya mtumiaji aifungue mwenyewe. Kirusi huyaficha mafaili halisi yaliyomo kwenye flashi na kuweka mahali pake vijialama vya njia ya mkato vyenye majina yaleyale. Mwenye flashi hubofya akidhani anafungua folda yake, kumbe anakiamsha kirusi. Ndicho kinachofahamika kwa wengi kama kirusi cha "shotikati".

Zipo njia nyingine tatu zinazopaswa kuangaliwa. Ya kwanza ni viambatisho vya barua pepe kutoka kwa watu wasiojulikana. Ya pili ni tovuti bandia zinazojifanya kutoa programu, filamu au fomu za ajira. Ya tatu ni programu zilizovunjwa leseni, hasa zile zinazoambatana na kifaa cha kuihalalisha Windows au programu za ofisi kwa njia isiyo halali. Vifaa hivyo kwa kawaida humtaka mtumiaji azime kingavirusi kwanza, na mwenye kutii agizo hilo humfungulia mlango mgeni asiyemjua. Isitoshe, programu za kompyuta ni miongoni mwa kazi zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Kingavirusi hufanyaje kazi

Kingavirusi ya kisasa hutumia njia kuu tatu. Njia ya kwanza ni kulinganisha: programu hubeba orodha ya alama za utambulisho za virusi vinavyojulikana, na kila faili linalofunguliwa hulinganishwa na orodha hiyo. Njia ya pili ni kuangalia mwenendo: programu inayoanza kubadilisha mafaili mengi kwa mkupuo, au inayojaribu kujificha ndani ya mfumo endeshi, hushukiwa hata kama haimo kwenye orodha. Njia ya tatu ni kuuliza makao makuu: kingavirusi hutuma maelezo ya faili linalotiliwa shaka kwenye seva za mtengenezaji kupitia intaneti na kupokea jibu kwa muda mfupi.

Kwa mkazi wa kijiji ambako mtandao huja na kuondoka, tofauti baina ya njia hizo ina uzito mkubwa. Njia ya tatu haifanyi kazi pasipo intaneti, na njia ya kwanza hupungua nguvu kila siku inayopita bila orodha kusasishwa. Kwa hiyo kompyuta inayounganishwa mara moja kwa wiki, kisha ikachomekwa flashi kutoka steshenari siku isiyo na bando, hutegemea zaidi kile ilichokwisha kukihifadhi ndani yake.

Taasisi huru za upimaji hulizingatia jambo hilo. AV-Comparatives, yenye makao yake Innsbruck nchini Austria, katika upimaji wake wa kinga dhidi ya programu hasidi hutoa kiwango cha ugunduzi kompyuta ikiwa na intaneti na kiwango cha ugunduzi ikiwa haina. AV-TEST ya Magdeburg nchini Ujerumani hutoa alama katika maeneo matatu, yaani ulinzi, wepesi wa kompyuta na urahisi wa matumizi, kila eneo likiwa na alama 6 na jumla yake 18. Matokeo ya taasisi zote mbili husomwa bila malipo. Mwananchi mwenye mtandao wa kusuasua anashauriwa kutazama kwanza safu ya matokeo yasiyotegemea intaneti, kwa kuwa ndiyo inayofanana na hali ya nyumbani kwake.

Maana nne za neno "bure"

Si kila kinachoitwa bure ni bure kwa maana moja. Mwananchi atakutana na makundi manne.

Kundi la kwanza ni kinga iliyomo tayari ndani ya mfumo endeshi. Tangu toleo la Windows 8 lililotoka mwaka 2012, Windows huja na kingavirusi kamili ambayo leo huitwa Microsoft Defender. Haihitaji kununuliwa wala kupakuliwa upya. Huonekana ndani ya sehemu iitwayo Windows Security. Kaya nyingi hutafuta kingavirusi ya bure bila kujua kuwa wanayo tayari na kwamba huenda imezimwa au haijasasishwa.

Kundi la pili ni matoleo ya bure ya kampuni zinazouza pia matoleo ya kulipia. Miongoni mwake ni Avast, AVG, Avira, Bitdefender na Kaspersky. Kampuni hutoa ulinzi wa msingi bila malipo ikitarajia kuwa baadhi ya watumiaji watanunua toleo kubwa. Ni vyema ifahamike kuwa Avast, AVG na Avira, ingawa zina majina tofauti, zote ziko chini ya kampuni moja ya Gen Digital. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine kwa kutafuta mtengenezaji tofauti hajatoka ndani ya nyumba ileile.

Kundi la tatu ni programu za kulipia zinazotolewa kwa majaribio ya muda, kwa mfano siku 30. Kompyuta mpya mara nyingi huuzwa zikiwa na programu ya namna hiyo ndani yake. Muda ukiisha, programu husimama au hubaki bila masasisho huku alama yake ikiendelea kuonekana kwenye skrini. Mwenye kompyuta hudhani analindwa, kumbe mlinzi alikwishaondoka lindoni na kuacha koti lake mlangoni.

Kundi la nne ni bandia. Hujitokeza kama tangazo linaloruka ghafla likidai kuwa kompyuta imegundulika na virusi vingi, na kumtaka mtumiaji abofye ili isafishwe bure. Hakuna ukurasa wa tovuti unaoweza kuikagua kompyuta kwa kufunguliwa tu. Tangazo la aina hiyo lifungwe, na kisichofungika kiondolewe kwa kufunga kivinjari chote.

Gharama isiyoandikwa kwenye tangazo

Hata katika makundi halali, bure huweza kuwa na gharama yake. Mfano unaofahamika duniani ni wa Avast. Mwezi Februari 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza hatua dhidi ya kampuni hiyo kwa madai kuwa ilikusanya taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wa kingavirusi na viongezi vyake vya kivinjari, na kuziuza kwa kampuni nyingine kupitia kampuni tanzu iitwayo Jumpshot. Avast ilitakiwa kulipa dola za Marekani milioni 16.5 na kuzuiwa kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Jumpshot yenyewe ilikuwa imefungwa tangu mwaka 2020.

Funzo la mfano huo si kwamba programu za bure zikimbiwe. Funzo ni kwamba kingavirusi huona karibu kila kitu kinachofanyika kwenye kompyuta, hivyo masharti yake yanastahili kusomwa na mipangilio ya faragha kukaguliwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka misingi ya ukusanyaji na uchakataji wa taarifa za watu na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ulinzi wa sheria huanza na mwananchi anayejua ni nini alichokubali.

Gharama nyingine ni ya bando. Faili kamili la kusakinisha kingavirusi laweza kufikia mamia ya megabaiti, na masasisho huendelea kupakuliwa kila siku. Kaya inayotumia intaneti ya simu inapaswa kuihesabu gharama hiyo mapema, kwa sababu kingavirusi isiyosasishwa kwa kukosa bando hubaki jina tu.

Kabla ya kusakinisha

Maandalizi yafuatayo yafanyike kwanza.

Mosi, nakala za akiba. Vyeti, picha na kazi muhimu vinakiliwe kwenye flashi au diski ya nje ambayo baada ya hapo itachomolewa na kuhifadhiwa. Jaribio lolote la programu mpya lianze baada ya hatua hii.

Pili, kuitambua kompyuta. Mtumiaji afahamu toleo la Windows, ukubwa wa kumbukumbu ya kufanyia kazi na nafasi iliyobaki kwenye diski. Kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo huweza kulemewa na programu nzito kiasi cha kumfanya mwenyewe aizime, na kinga iliyozimwa haina faida.

Tatu, kujua kingavirusi iliyopo. Kingavirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugongana: kila moja huliona tendo la mwenzake kuwa la kutiliwa shaka, na kompyuta hupungua kasi au kukwama. Ya zamani iondolewe kwa utaratibu wa kawaida wa kuondoa programu, kompyuta iwashwe upya, ndipo ya pili isakinishwe. Kwa Microsoft Defender hakuna haja ya kuiondoa, kwani hujiweka kando yenyewe kingavirusi nyingine inapoingia.

Nne, umri wa mfumo endeshi. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020 na msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10 waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza waliendelezewa masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Kingavirusi haizibi nyufa za mfumo endeshi uliokwisha kuachwa na mtengenezaji wake.

Hatua za jaribio

Programu ipakuliwe kutoka tovuti rasmi ya mtengenezaji pekee. Anuani iandikwe kwa mkono kwenye kivinjari badala ya kubofya tangazo la kwanza linalojitokeza katika utafutaji. Kwa anayeishi mbali na mtandao imara, baadhi ya watengenezaji hutoa faili kamili linaloweza kupakuliwa mjini, Tarime au Mugumu, na kusakinishwa nyumbani bila intaneti. Microsoft nayo hutoa faili la masasisho ya Defender linaloweza kubebwa kwa flashi hadi kwenye kompyuta isiyounganishwa.

Wakati wa kusakinisha, kila ukurasa usomwe kabla ya kubofya. Baadhi ya programu huweka alama mapema kwenye visanduku vya kukubali kivinjari kingine, kiongezi au jaribio la huduma ya kulipia. Alama hizo ziondolewe. Programu inayoomba namba ya kadi ya benki kwa ajili ya kinachoitwa bure iachwe, kwa kuwa hilo ni jaribio litakalogeuka kuwa malipo.

Baada ya kusakinisha, orodha ya virusi isasishwe, kisha ufanyike ukaguzi kamili wa diski nzima. Ukaguzi huo huweza kuchukua saa kadhaa, hivyo uanzishwe wakati umeme ni wa uhakika au betri imejaa. Faili litakalotiliwa shaka liwekwe karantini, wala lisifutwe papo hapo. Kingavirusi huweza kukosea na kulishuku faili salama, na kilichomo karantini hurejeshwa, bali kilichofutwa huenda kisipatikane tena.

Hatua inayosahauliwa na wengi ni kuthibitisha kuwa mlinzi yuko macho. Kufanya hivyo hakuhitaji kirusi halisi, na mtu yeyote asithubutu kutafuta kirusi kwa ajili ya majaribio. Wataalamu wa taasisi ya Ulaya ijulikanayo kwa kifupi EICAR waliandaa faili la majaribio lenye herufi na alama 68 tu. Faili hilo halina madhara yoyote, ila watengenezaji wa kingavirusi wamekubaliana kulichukulia kana kwamba ni kirusi. Hupatikana kwenye tovuti ya taasisi hiyo. Kingavirusi ikipiga kelele mara faili linapohifadhiwa, ulinzi wake wa papo kwa papo umewashwa. Ikikaa kimya, kuna kasoro ya kutafutwa. Jaribio hilo huonyesha kuwa mlinzi ameamka tu, wala halipimi ujuzi wake wa kutambua virusi vipya. Faili hilo lijaribiwe kwenye kompyuta ya mtu mwenyewe, si ya ofisi wala ya steshenari, ili lisizue taharuki.

Siku saba za kupima

Baada ya hapo kompyuta itumike kwa kazi za kawaida kwa muda wa wiki moja, huku mambo matano yakiandikwa daftarini.

La kwanza ni muda wa kuwaka: dakika zinazopita tangu kubonyeza kitufe hadi kuanza kazi, ikilinganishwa na ilivyokuwa awali. La pili ni bando: kiasi kilichotumiwa na kingavirusi, ambacho Windows hukionyesha kwenye sehemu ya matumizi ya data katika mipangilio yake. La tatu ni tarehe ya masasisho: je, programu husasisha yenyewe kila inapopata mtandao, au hadi ikumbushwe? Ikiwa intaneti ya simu imewekwa kama mtandao wa kulipia kwa kipimo, Windows hupunguza upakuaji wake, hivyo tarehe hiyo ikaguliwe kwa mkono.

La nne ni flashi: kila flashi inayotoka nje ikaguliwe kabla ya kufunguliwa, na ionekane kama programu huomba kufanya hivyo yenyewe au humwachia mtumiaji. La tano ni usumbufu: idadi ya matangazo ya kumtaka mtumiaji anunue toleo la kulipia. Matangazo yakizidi, watoto na wazee wa nyumba huzoea kuyafunga bila kusoma, na siku ya onyo la kweli hulifunga vilevile.

Mwisho wa wiki, daftari lenyewe litatoa hukumu. Ikiwa programu mpya haikuleta faida iliyo wazi kuliko Defender iliyokuwamo tangu mwanzo, hakuna aibu kuiondoa. Baada ya kuiondoa, mtumiaji afungue Windows Security na kuhakikisha kuwa Defender imerudi kazini na imesasishwa. Kompyuta isiachwe bila kinga hata kwa siku moja.

Flashi iliyoonekana tupu

Wapo wanaopoteza kazi zao baada ya kirusi kuondolewa, wala si kabla yake. Kingavirusi hukiondoa kirusi cha shotikati pamoja na vijialama vyake, kisha flashi huonekana tupu. Mwenyewe hudhani kila kitu kimefutwa na kuisafisha flashi yote ili aanze upya, na hapo ndipo mafaili yanapopotea kweli.

Kwa kawaida mafaili hayo bado yamo, ila yamebaki na alama ya kufichwa iliyowekwa na kirusi. Dalili yake ni kwamba flashi huonekana tupu lakini kipimo cha nafasi kinaonyesha kuwa imejaa sehemu. Mtumiaji anaweza kuiagiza Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa, na fundi anayeaminika aweza kuiondoa alama hiyo kwa amri iitwayo attrib. Flashi isisafishwe hadi hatua hizo zikamilike.

Kinga iliyo nyepesi zaidi ni kuwa na flashi mbili. Moja iwe ya kuchapishia tu, ikibeba nakala ya waraka unaohitajika siku hiyo na si kitu kingine. Ya pili, yenye kumbukumbu za familia, isitoke nyumbani. Flashi ya kuchapishia ikipata kirusi, itasafishwa bila majonzi.

Mipaka ya kingavirusi

Kingavirusi, iwe ya bure au ya kulipia, ina mipaka. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilianza kusambaa duniani, ikiyafunga mafaili na kudai fidia, na kuzifikia nchi takriban 150. Ufa ulioutumia ulikuwa umekwisha kuzibwa na Microsoft kwa sasisho lililotolewa mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wamesasisha mifumo yao. Kusasisha mfumo endeshi na kuwa na nakala za akiba zilizochomolewa kwenye kompyuta ni nusu ya ulinzi, na nusu hiyo haifanywi na kingavirusi.

Kingavirusi pia haimzuii mtu kuandika mwenyewe nywila yake kwenye tovuti bandia, wala haizuii utapeli wa simu unaoanza kwa ujumbe wa kutuma fedha. Wanafunzi wanaoomba mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na wahitimu wanaotafuta kazi kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, wanapaswa kuhakiki anuani ya tovuti kabla ya kuingiza taarifa zao, kutotumia nywila moja katika mifumo yote, na kutoka kikamilifu kwenye akaunti wanapotumia kompyuta ya steshenari.

Mahali pa kutoa taarifa

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine bila idhini na kuingilia data zake. Aliyevamiwa anaweza kutoa taarifa katika kituo cha Polisi kilicho karibu, akiwa amehifadhi ushahidi kama picha za skrini, barua pepe na tarehe za tukio. Ujumbe wa utapeli unaopokelewa kwa simu hutumwa kwa namba 15040, pamoja na namba ya simu ya aliyeutuma. Aidha, ndani ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kipo kitengo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT, kilichoundwa kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambacho hutoa tahadhari na ushauri kuhusu vitisho vinavyojitokeza.

Kwa muhtasari, kaya isiyo na fedha ya kununua kingavirusi haina sababu ya kubaki bila ulinzi. Ianze na kinga iliyomo ndani ya Windows, ihakikishe imewashwa na kusasishwa, itunze nakala za akiba mahali pasipofikiwa na flashi za wageni, kisha, ikiona haja, ijaribu programu nyingine moja kwa wakati mmoja na kuipima kwa wiki nzima. Kinachoamua ubora wa programu hiyo ni namna inavyofanya kazi katika nyumba husika, kwa umeme, bando na flashi zilizopo, wala si sifa zilizoandikwa kwenye tangazo lake.